Mashimo Kwenye Konde la Zadok

Shelburne, Nova Scotia
7 Juni 1784

Mdogo wangu Enos,

Nahodha Pardoe, anayetuletea chumvi kutoka Boston, ameniambia kwamba mkutano wa mji wa Harrowby umekuchagua kuwa mjumbe katika Baraza la Massachusetts. Nilimwomba arudie. Akarudia, akaongeza kwamba wakubwa wa huko wanakuita Mheshimiwa Magome. Nilicheka mpaka kifua kikanibana. Mtengeneza ngozi kwa magome ya miti, mwenye mikono ya rangi ya chai na harufu inayomtangulia mlangoni, ameketi na mawakili kutunga sheria. Baba angekuwa hai angekwambia unawe kwanza.

Nilikuwa karani wa mji ule miaka ishirini na miwili. Jina lako nililiandika kwenye daftari kwa makosa madogo madogo tu: nguruwe wako wameingia makaburini, uzio wako umeanguka. Sasa unaandikwa kwa heshima, na jina langu limo katika orodha ya watu waliopigwa marufuku kukanyaga nchi hiyo, kwa sababu nilikataa kumkana Mfalme wa Uingereza kwa kiapo nikaondoka pamoja na jeshi lake. Silalamiki. Nilijua ninachofanya, au nilidhani najua.

Hapa tunakaa katika vibanda vya magogo kati ya visiki na ukungu. Nina miaka sitini na mitatu. Majira ya baridi yaliyopita nimeyapita; yanayokuja sina hakika nayo. Mke wangu Mercy amelala makaburini Harrowby, na nafasi iliyo upande wake wa kushoto ni yangu.

Ndani ya barua hii kuna ombi langu kwa Baraza, kurasa mbili, kwamba niruhusiwe kurudi nyumbani. Hamna neno la kujidhalilisha wala la kiburi. Simama tu ulisome. Wakisikia linasomwa na mtu mwenye ukoo mmoja na mwombaji, watasikiliza.

Kaka yako,
Zadok Thurlow


Boston
29 Juni 1784

Kaka Zadok,

Barua imefika. Karatasi iliyokuwa ndani yake imefika pia. Mambo ya namna hiyo yana wakati wake, na wakati wake si sasa. Subiri.

Umenicheka, sikukasirika. Siku ya kwanza nilikaa benchi la mbele, watu watatu wakasogea kana kwamba wameitwa mahali. Wakili mmoja wa Salem akaniambia, "Mheshimiwa, pale dirishani kuna hewa nzuri." Nikamjibu, "Bwana wangu, hivyo viatu vyako vinanuka kama mimi, ila wewe umevipaka nta." Tangu hapo ananisalimu kila asubuhi.

Hapa nilipopanga tunalala wajumbe watatu kitanda kimoja. Mmoja anakoroma, mwingine huchungulia begani mwangu akasoma kila ninachoandika. Sasa hivi ametoka kunyoa ndevu.

Jambo moja. Lile ombi, nani mwingine ameliona? Na usimwandikie mtu mwingine yeyote wa Harrowby. Yeyote, hata kumpa pole ya msiba.

Mke wangu Keziah hajambo. Ng'ombe wawili wamezaa.

Enos


Shelburne
2 Agosti 1784

Mdogo wangu,

Umeniagiza nisubiri, na umeniagiza nisimwandikie mtu. Nilipokuwa karani niliona watu wengi wakitoa maagizo hayo mawili kwa pamoja, na mara zote walikuwa na kitu nyuma ya mgongo.

Nahodha Pardoe amerudi. Mwezi uliopita alipokuwa Boston alipanda juu kwenye roshani ambako raia huruhusiwa kuwasikiliza wajumbe. Alikuona umesimama na karatasi mkononi, naye akafurahi kwa niaba yangu. Halafu ukasoma. "Mji wa Harrowby unamwagiza mjumbe wake apinge kwa nguvu zake zote kurudi kwa mtu yeyote aliyekimbilia kwa adui."

Nikamuuliza, "Alisomaje?"

"Kama mtu anayetua mzigo," akasema. "Akaketi."

"Na ombi langu?"

"Mzee, sikusikia ombi lolote. Na nilikaa pale mpaka makalio yakafa ganzi."

Nisingetaka kuamini, lakini kuna jambo la pili. Mjane Alden, tuliyekimbia naye, amepata barua kutoka kwa dada yake aliyeko karibu na kwenu. Anasema kwenye konde langu la mtoni, lile mji ulilonipokonya, kuna mashimo kumi na moja ya kulowekea ngozi, na kila mtu anajua ni ya nani.

Konde lile nililisafisha na Mercy kwa mikono yetu, jiwe kwa jiwe. Hukuniambia. Umeniandikia habari za ng'ombe kuzaa.

Sasa nauliza kwa maneno mepesi. Mtu akiwa amekalia ardhi ya kaka yake, na kaka huyo anaomba kurudi, je, mtu huyo atakuwa na haraka ya kulisoma ombi?

Zadok


Harrowby
30 Agosti 1784

Kaka,

Nilisoma. Mjumbe anayekataa kusoma maagizo ya mji wake hurudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, akatumwa mwingine. Huyo mwingine unamjua, ni Shemasi Lathrop.

Mashimo yapo. Ni kumi na moja, wamekuhesabia sawasawa. Yana ngozi, na yataendelea kuwa na ngozi. Wewe ulikuwa karani wa mji huu. Kaa ufikiri maana ya ngozi kuwa shimoni.

Zaidi ya hapo siandiki. Barua hii inachukuliwa na mwenye mkokoteni ninayemwamini nusu.

Enos


Shelburne
4 Oktoba 1784

Bwana Enos Thurlow,

Nimekaa nikafikiri, kama ulivyoniagiza. Ngozi kuwa shimoni maana yake ni kwamba mwenye shimo hana nia ya kuondoka. Umejisifu mbele yangu kwa ulichochukua, tena kwa mistari michache kuliko unayomwandikia muuza magome.

Kwa hiyo nimefanya ulichonikataza. Nimemwandikia Shemasi Lathrop, ambaye nasikia ndiye mkuu wa kamati ya ardhi zilizotwaliwa. Hanipendi, lakini chuki yake ni ya wazi, na siku hizi naona uwazi ni kitu adimu. Nimemweleza kwamba una ombi langu tangu Juni na umelikalia. Nimemweleza kwamba kama konde langu lazima liwe la mtu mwingine, naona heri liuzwe hadharani kwa mgeni kuliko lishikwe kwa siri na ndugu yangu. Na asije akadhani nimetunga, nimemtilia humo barua yako ya Agosti, hiyo yenyewe, yenye sahihi yako.

Usinijibu kama huna la kusema.

Z. Thurlow


Harrowby
9 Novemba 1784

Shemeji Zadok,

Mimi ni Keziah. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kwa hiyo makosa utakayoyaona humu ni yako pia.

Barua yako imesomwa kwenye mkutano wa mji, kanisani, watu wamejaa mpaka ngazini. Shemasi alivaa miwani yake polepole, kama mtu anayekaa kula. Akaisoma yako yote, kisha akainua ile ya Enos.

"Mheshimiwa mjumbe, hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Kumbe unaandikiana na adui."

"Naandikiana na kaka yangu."

"Ni mtu mmoja huyo huyo," akasema Shemasi, na nyuma wakaguna kumuunga mkono. "Sasa tuambie, Enos. Miaka mitano kila kamati ikija kuuza lile konde, inakuta ngozi shimoni. Miaka mitano. Hazijawahi kuisha hata siku moja?"

"Watu hawajaacha kuvaa viatu, Shemasi."

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomharibia, maana Shemasi huchekwa mara moja tu. Akaisoma tena, taratibu: kaa ufikiri maana ya ngozi kuwa shimoni. Mara hii hakuna aliyecheka. Nilimwona mzee Purdy, fundi viatu, akigeuza shingo kumtazama Enos, na nikajua kwamba kanisa zima limekwisha elewa. Wote walielewa, Shemeji, isipokuwa wewe.

Siku ya pili nikaenda kwenye daftari la mji nikaitafuta kanuni ya zamani juu ya mashimo. Ipo. Inasema ardhi yenye mashimo ya ngozi haitauzwa wala kuhamishiwa kwa mtu mwingine maadamu kuna ngozi ndani, kwa kuwa ngozi hukaa na magome ya mwaloni mwaka na nusu, na ikitolewa kabla ya wakati wake haifai kitu. Mwandiko ni wako. Nimeujua kwa ile mikia mirefu ya herufi.

Enos alilikodi konde lako mwaka wa sabini na tisa, jeshi lilipohitaji viatu. Vita vikaisha, jeshi likaenda zake, yeye akaendelea. Akitoa ngozi katika shimo moja anatia nyingine. Hakumwambia mtu. Mimi nilishtuka siku nilipomwona anatia ngozi za ndama waliokufa na ngozi zilizotobolewa na funza, ambazo hakuna fundi angezigusa. Nikamuuliza, "Hizi unamtengenezea nani?"

Akasema, "Mtu aliye safarini."

Nikamshikia ndoo. Nami najua kutunza siri.

Mkutano uliifuta kanuni siku ile ile kwa kunyoosha mikono, ukaamuru ngozi zitolewe mashimoni kabla ya Jumapili. Tulizitoa Ijumaa, mimi na yeye na Purdy, ambaye hakuombwa. Enos alikata ncha ya kila ngozi kwa kisu akaitazama. Kwa nje zilikuwa zimeshika rangi, lakini katikati mstari mweupe, ngozi mbichi. Nikamwambia, "Acha, baba, hakuna iliyofikisha mwaka na nusu, zote zitakuwa hivyo hivyo." Hakuacha. Alizikata zote, kana kwamba moja ingeweza kuwa tofauti.

Konde limenunuliwa na Shemasi. Kiti cha Baraza Enos atakikalia mpaka Machi, baada ya hapo wamesema wazi hawatamchagua.

Hajui kwamba nakuandikia. Tangu siku hiyo hajalitamka jina lako, kwa wema wala kwa ubaya. Angekutukana ningelala vizuri zaidi.

Keziah


Shelburne
12 Desemba 1784

Mdogo wangu Enos,

Nimeianza barua hii mara sita. Mara zote sita nimejikuta najieleza, na ninapojieleza vizuri ndipo ninapojichukia zaidi, kwa hiyo leo nitaandika kidogo.

Naikumbuka siku niliyoiandika kanuni ile. Ilikuwa Machi, wino ulikuwa umeganda, niliuweka juu ya jiko. Mwenye mashimo alikuwa baba yetu, na Harrowby nzima ilikuwa inakwenda miguu mitupu kwa sababu mtu mmoja alikuwa amemfungulia mashimo yake kabla ya wakati. Naikumbuka hata harufu ya jiko. Ulipoandika kwamba ulikuwa na ngozi shimoni, kanuni hiyo ilikuja kichwani mwangu. Ilikuja, Enos. Niliitazama nikaiacha ipite, maana nilikwisha kuamua wewe ni mtu wa namna gani, na kanuni ile haikuwa na nafasi katika hukumu yangu.

Keziah ameniandikia, usimlaumu.

Ningeishia hapa, ingekuwa ni adabu. Lakini adabu ya namna hiyo ndiyo iliyotufanya tufichane. Konde nimelielewa. Maagizo ya mji nimeyaelewa. Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyenieleza, hata Keziah, na bado linanisumbua. Ombi langu liko wapi? Ulikuwa nalo Juni yote. Ulikuwa nalo Oktoba, kabla ya barua yangu kufika. Kwa nini hukusimama?

Zadok


Boston
16 Machi 1785

Kaka Zadok,

Hao wenzangu wawili wamekwisha kwenda kwao, kitanda ni changu, na sina tena cha kupoteza mtu akisoma. Nitaandika yote.

Umeuliza liko wapi. Lilikuwa ndani ya bitana ya koti langu. Nililishona mwenyewe kwa sindano ya ngozi, na kila nilipoketi lilinikwaruza.

Juni kura hazikutosha, hilo ni kweli. Nilianza kuzungumza na mtu mmoja mmoja, ngazini, penye kuchota maji. Kufikia Oktoba nilikuwa nao wa kutosha, au karibu na kutosha. Hapo ndipo ningesimama. Sikusimama. Kila asubuhi nilisema ni leo, na kila jioni nikasema bado kidogo.

Keziah amekuandikia kana kwamba mimi ni malaika wa mashimo. Siyo. Nilikipenda kile kiti. Maisha yangu yote watu wameongea nami wakiwa wamegeuza pua. Mle ndani nilisimama kuzungumzia sheria ya madaraja, na mawakili wakaniandika. Waliandika maneno yangu, Kaka, kwa kalamu. Nikajua nikilisoma ombi lako, mji utanitoa, na nitarudi kuwa mtu wa kugeuziwa pua. Konde niliweza kukulindia kwa sababu kulilinda hakukuhitaji kusema neno. Kusema ndiko kulikonishinda. Kwa hiyo ulinishuku mahali pasipo penyewe, lakini kushuku hukukosea.

Wiki iliyopita ilikuwa ya mwisho. Nilipasua bitana nikasimama.

Spika akauliza, "Mjumbe wa Harrowby anayakumbuka maagizo ya mji wake?"

"Nayakumbuka, Spika. Niliyasoma humu ndani kwa sauti yangu. Sasa nasoma na hili."

Mmoja akapiga kelele, "Kaa chini, Magome."

Nikasema, "Nitakaa. Kurasa mbili tu."

Nilipofika mstari wako juu ya kaburi la Mercy, niliurudia mara mbili. Walidhani siwezi kusoma mwandiko. Wakili wa Salem akanyanyuka akaja kusimama karibu nami, kama mtu wa kunisaidia kusoma, na hakusoma. Alisimama tu mpaka nikamaliza.

Limepita kwa tofauti ya kura tatu. Ruhusa imo humu, yenye muhuri.

Ina sharti. Mwenye nyumba mmoja wa Harrowby lazima awe mchunguzi wako kwa mwaka mzima. Atazame unakokwenda, asikilize unachosema, asome unachoandika, na kila baada ya miezi mitatu apeleke taarifa kwa kamati ya mji. Akificha jambo, mnafukuzwa wote wawili. Walipouliza nani atatia sahihi hakuna aliyejitokeza. Nimetia mimi.

Sitakudanganya kwamba moyo wangu umepoa. Nilizikata zile ngozi moja moja, na katika kila moja nilikuona wewe ukikunja barua yangu ili umpe Lathrop. Sijui nitakutazamaje usoni. Lakini kukuchunguza nimeapa, na nitafanya.

Enos


Shelburne
21 Aprili 1785

Enos,

Ruhusa nimeipata. Nikwambie ukweli, niliisoma mara nne nikitafuta mtego. Nilikagua muhuri dirishani. Nilimuuliza Pardoe kama ameona kweli ikitoka mkononi mwako, akanitazama kwa huruma akasema, "Mzee, unaumwa." Nadhani naumwa. Miaka tisa ya kuishi kwa habari za kusikia imeniachia ugonjwa huu, na sitegemei kwamba utapona kwa sababu nimevuka maji.

Barafu imeachia bandari. Pardoe anaondoka tarehe mbili Mei, nami nimo. Sina mizigo zaidi ya kitabu cha sala, mablanketi mawili na chungu. Usije Boston kunipokea. Nitatembea, na pale miguu itakapokataa nitaomba kupakiwa. Nikifika Harrowby nitapita kwanza makaburini, na hilo unaweza kuliandika katika taarifa yako. Nitakaa pale kiasi cha saa moja. Sitasema neno lolote juu ya Mfalme wala juu ya Baraza. Nitamwambia Mercy tu kwamba nimefika.

Nimejaribu kujiona katika nyumba yako, mezani, wewe upande wa pili ukisikiliza kila sentensi yangu kwa kiapo. Mwanzoni iliniuma. Halafu nikahesabu ni miaka mingapi hatujatazamana, na nikaona kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyelazimishwa na sheria kunitazama.

Sitaomba msamaha kwa barua. Barua nimezitumia vibaya. Nitaomba nikifika, ukiwa tayari, na usipokuwa tayari nitangoja, maana safari hii najua ninachongojea.

Nipe kitanda kilicho karibu na mlango wako, uuache wazi. Nichunguze, mdogo wangu. Nitakaa mahali utakaponiona.

Zadok